Mtani wa Bi Mwavita

Siku aliyokufa Bi Mwavita jua lilisimama juu ya paa la mashine ya kusaga, likakataa kutua. Sikuambiwa na mtu. Nililiona mwenyewe, nikiwa uani napepeta mchele. Kivuli cha ungo kilikuwa ukutani, kimefika kwenye ule ufa unaofanana na mguu wa kuku. Nikapepeta, nikachagua chuya, nikapuliza pumba, nikapepeta tena. Kivuli hakikutoka kwenye mguu wa kuku. Nikaweka ungo chini nikasema peke yangu: basi hata kufa hakuweza kufa kama watu wengine.

Katika mji wetu jua humsubiri kila maiti, hilo si geni. Mtu akifa, siku yake haiishi mpaka mtani wake aje, avae nguo zake, akae kwenye kiti chake, amwige alivyokuwa akisema na alivyokuwa akitembea, awatukane wafiwa mpaka wacheke, na mwisho watu wa mtani waje kumkomboa. Wanakuja na chochote, kuku, kipande cha sabuni, wanasema, "Tunamtaka mtu wetu." Mtani anavua nguo za marehemu, matanga yanaondolewa, jua linashuka. Ndivyo siku zetu zinavyokwisha. Siku ambayo hakufa mtu inakwisha yenyewe tu, bila heshima. Alipokufa mume wangu jua lilisubiri muda wa kuiva chungu cha wali. Mtani wake alikohoa kidogo kama yeye, akadai chai, akakombolewa kwa kiberiti, kwisha. Mume wangu, aliyebeba magunia ya mji huu mgongoni maisha yake yote, aliigwa kwa kikohozi. Na sasa huyu, ambaye hakuwahi kubeba kitu kizito kuliko kalamu ya risasi, jua limemsimamia, limeganda kama samli.

Naye alikuwa nani? Alikuwa mtunzi wa vitabu vya watoto. Alizaliwa nyuma ya mashine ileile niliyozaliwa nyuma yake mimi, yeye upande wa Kilimani na mimi upande wa Bondeni, watani kwa watani, ukuta wa mashine katikati yetu. Surua ilitupata wote msimu mmoja. Mimi iliniachia madoa shingoni. Yeye ilimnyang'anya kunusa. Tangu hapo pua yake ikawa pambo tu, kama vile vifungo vinavyoshonwa mgongoni mwa koti. Maharage yaliungua jikoni kwake mpaka moshi ukafika sokoni, naye yuko palepale barazani analamba ncha ya kalamu. Aliolewa, akaachika bila kelele, hakuzaa. Akawa anaandika nyuma ya kalenda za zamani, kwenye kiti cha ukindu kilichobonyea ubavu mmoja, akibana ncha ya sikio la kushoto kila anapotafuta neno.

Na huko nyuma ya kalenda vikatoka viumbe. Akatoka Mbuzi Aliyemeza Mvua. Ikatoka Ngazi Iliyoogopa Kwenda Juu. Akatoka Sultani wa Vumbi, ambaye kila ukifagia unamhamisha ikulu. Vilitoka vitabuni vikakaa mjini kama wapangaji, na hakuna aliyevidai kodi. Mafundi waliikuta ile Ngazi imejilaza kando ya msikiti, wakaibembeleza isimame dhidi ya ukuta, ikatetemeka mpaka wakaionea huruma wakaenda kuazima nyingine. Mbuzi akipita sokoni radi inanguruma tumboni, na wauza mitumba wanakusanya nguo zao mbio. Mimi mwenyewe nimefagia ua wangu huku nikisema, "Samahani, Sultani." Sasa niambieni, utashindana vipi na mtu wa namna hiyo?

Nimeujua wivu kwa mapana yake. Wivu wa mume ni moto wa mabua, unawaka unaunguza nyusi, ukiamka asubuhi ni majivu. Wivu wa nguo unaisha nguo ikipauka. Kuna wivu wa nyumba ya bati, wivu wa meno mazuri, wivu wa mtu anayelala akilala. Wote huo nimeuonja, nikautema. Lakini wivu wa masikio ya mtoto haupoi. Mimi nimezaa, nimezika baadhi ya niliowazaa, nimefua nepi mpaka mistari ya viganja ikafutika, na watoto wote wa mji wakiulizwa nani bibi yao wanamtaja yule ambaye hakuwahi kuamshwa na mtoto mwenye homa. Nilikuwa najiuliza, na nikikaa kimya bado najiuliza: mtu yuko wapi hasa? Yuko katika mwili wake unaochemsha uji, au yuko kwenye vinywa vya wanaomtaja? Maana kama yuko vinywani, basi mimi sikuwahi kuwapo.

Mjukuu wangu anaitwa Sikudhani. Mama yake aliniachia akaenda kutafuta maisha, na maisha yenyewe hayajapatikana. Tunaitana mke mwenza, kama ilivyo kwa bibi na mjukuu wa kike, kwa kuwa tumegawana babu yake, Mungu amrehemu. Kila usiku ukitaka kuingia namkalisha mapajani, namnusa utosini, ndipo anapanda kitandani.

"Mke mwenzangu," ananiambia, "nisimulie."

Namsimulia vya kwangu. Njia niliyopita kuteka maji nilipokuwa kigoli, na yule nyoka aliyekuwa akijianika kwenye jiwe la kufulia. Jinsi babu yake alivyoniletea viatu vya posa, vyote viwili vya mguu wa kulia, nami nikavivaa kwa kumstahi. Anasikiliza kwa adabu. Adabu ya mtoto inauma kuliko tusi.

"Vizuri, bibi. Sasa nisomee ya Mbuzi."

"Ya Mbuzi umeisikia mpaka Mbuzi mwenyewe kachoka."

"Labda leo ataitapika mvua."

"Hatapiki. Kitabu ni kilekile."

"Utajuaje? Wewe unasoma kwa kidole. Kidole kikiruka mstari je?"

"Nikuchape na hicho kidole?"

Anacheka. Nasoma. Nasoma kwa kidole changu na kwa elimu yangu ya shule ya msingi, neno baada ya neno kama mtu anayechambua mboga, na naona macho ya mke mwenzangu yanavyowaka kwa maneno ya mwanamke asiyejua mtoto ananukaje.

Na hilo nalijua kwa sababu aliniuliza. Alikuja mpaka ukutani, enzi hizo bado anatembea vizuri, akasema, "Nyamizi, mtumwa wangu, hebu nisaidie. Kichwa cha mtoto kinanukaje?"

"Kwani unataka kukipika?"

"Nataka kukiandika."

Nikamwambia kinanuka mkate wa kumimina uliofunikwa kwa kitambaa. Nilisema tu, huku naanua nguo. Akabana sikio, akaondoka. Siku hizi maneno hayo yako kitabuni, watoto wa miji nisiyoijua wanayasoma kwa sauti, na walimu wanayauliza kwenye mtihani: mtunzi alikuwa na maana gani? Mtunzi! Mtunzi hakunusa kitu.

Basi nikiwa bado uani na ungo wangu, akaja Mzee Pazi, mdogo wake marehemu, kofia mkononi, uso umemvimba kwa kulia.

"Mtumwa wangu," akasema, "umesikia."

"Nimesikia. Jua lenu linanikaushia mchele."

"Watani wa Bondeni wamekwisha wote. Umebaki wewe, mla panya wa mwisho."

"Na nyinyi mlivyo wachoyo, nikija mtanilisha nini? Kalenda?"

Akacheka machozi yakimtoka, kama inavyotakiwa. "Njoo umtukane dada. Anakungoja."

Nikamwambia Sikudhani, "Mke mwenzangu, nakwenda kuiga mtu. Matanga yakichangamka, uje na kitu chochote, useme unamtaka mtu wako. Usinisahau huko."

"Nitakusahauje?" akasema, huku amekwisha kuvaa ndala, maana watoto wote walikuwa wanakimbilia huko.

*

Kanga ya Bi Mwavita ilikuwa ya rangi ya ndizi iliyoiva kupita kiasi, imechanika pindo moja na kurudishiwa kwa uzi mweusi. Miwani yake ilifungwa kwa kamba ya kiatu. Nilipokaa kwenye kile kiti kilichobonyea, ubavu wangu uliingia mle kama mkono kwenye mfuko wa mwenyewe, nikashtuka. Nilidhani nitatafuta pa kuanzia. Sikutafuta. Nilibana sikio la kushoto, nikalamba kalamu, nikakohoa kile kikohozi chake cha kufungulia mlango wa uongo, nikasema kwa sauti yake inayopanda mwishoni:

"Pazi, unalia nini? Nilipokuwa hai ulikuwa hunisalimii mpaka chumvi iishe kwako."

Baraza zima likaangua kicheko. Kazija, mke wa Pazi, akaanguka juu ya jamvi. "Mama yangu, ndiye yeye! Ndiye yeye kabisa!"

"Na wewe Kazija, hicho kitambaa ulichojifunga ni pazia langu. Nilikuwa nakitafuta tangu Ramadhani."

Nikanyanyuka nikaburuta mguu kama yeye, nikamimina chai ya tangawizi kwenye kifuniko cha chupa badala ya kikombe, nikainywa kwa kelele kama yeye. Maharage yalikuwa yanaungua huko uani, harufu imejaa nyumba, watu wameziba pua. Mimi nikakaa nikatabasamu kama mtu ambaye hakuna kinachoungua.

Mnajua nilijifunzia wapi? Hampendi kusikia. Mtu hasomwi kwa mapenzi hata nusu ya anavyosomwa kwa wivu. Mpenzi hutazama uso tu, anaridhika, anafumba macho. Mwenye wivu hafumbi. Mwenye wivu anajua ulivaa nini Idi iliyopita na ile ya kabla yake, anajua unaanza na mguu gani kushuka ngazi, anajua unameza mate kabla ya kutaja jina la nani. Maisha yangu yote nilikuwa nimesimama nyuma ya ule ukuta nikimkusanya Bi Mwavita kama mtu anayekusanya punje zilizomwagika, sikuacha hata moja, na sasa nilikuwa ninazo zote. Kiti hakikujua tofauti.

Ndipo watoto wakaingia. Walikuwa wamekatazwa kuingia penye msiba, wakaingia. Na Mbuzi akaingia nao, akapita katikati ya wafiwa radi ikimnguruma, akaweka kidevu chake pajani kwangu. Ngazi ikajisogeza mpaka kizingitini. Vumbi likakaa kwa adabu kwenye mstari mmoja.

"Bi Mwavita," mtoto mmoja akasema, "walituambia umekufa."

Hapo ndipo mtani anatakiwa acheke, aseme, nimekufa ndiyo, nipeni nyama. Mdomo wangu ukafunguka kusema hivyo. Ukasema, "Haya, wanangu, kaeni vizuri, msimkanyage Sultani."

Na mbele kabisa, magoti yakigusana na vidole vyangu vya miguu, alikuwa amekaa Sikudhani. Ananitazama. Uso wake ulikuwa wazi kama dirisha, kama mtu anayeona chakula. Hakuwahi kunitazama hivyo. Hata siku moja.

Nikasimulia.

*

Sijui maneno yalitoka wapi. Nilisimulia Ngazi ilivyokwenda kuomba kazi ya udaraja, ili ilale watu wapite juu yake bila yenyewe kupanda popote. Nilisimulia Mbuzi alivyofuatwa na mashamba, mashamba yenyewe, yameng'oka na mipaka yake, yanamwomba tone. Hayakuwa kitabuni hayo. Hayakuwa yangu pia. Nilikuwa kama mfereji. Maji hayaulizi mfereji jina.

Alasiri ikanenepa. Muadhini alikuwa amesimama na kiganja sikioni akisubiri magharibi, mpaka shorewanda wakajenga kiota kwenye kiganja, wakataga, wakaangua. Kucha za wafiwa zilirefuka. Ndevu za Pazi zilifika kifuani. Wanawake walipika pilau, wakapika tena, na hakuna aliyekuwa na hakika kama ni chakula kilekile au ni kingine. Mwanamke mmoja aliyekuja na mimba ya mwisho mwisho alijifungua nyuma ya pazia, mtoto akatambaa, akasimama, akaja kukaa na wenzake kusikiliza. Jua juu ya paa la mashine. Kivuli kwenye mguu wa kuku.

Na watoto hawakulala. Usiku haukuja, watalalaje? Macho yao yaliwaka kwanza, kisha yakawa mekundu, kisha yakaingia ndani. Nilimwona Sikudhani akishika ukope wake kwa vidole ili usifunge. Nikaona. Nikaendelea kusimulia. Mtu akinywa maji baada ya kiu ya miaka, haulizi kisima ni cha nani.

Ananitazama mimi.

Hakutazami wewe, nafsi ikanijibu.

Magoti yake yako miguuni pangu.

Miguuni pa Mwavita.

Miguu ni yangu, ina magaga yangu, nayajua.

Magaga mtoto hayaoni, anaona kiti.

Basi na iwe hivyo, nimezeeka, nipendwe hata kwa jina la mwingine.

Na ukimwonea wivu Mwavita sasa, unamwonea nani?

Niliona wivu kwa kile kiti nilichokikalia. Niliionea wivu kanga iliyonifunga. Mtoto aliponicheka kicheko kile cha tumboni nilifurahi na kuungua kwa pamoja, maana kila tone la kicheko lilikwenda kwa yule mwanamke, na mimi nilikuwa ni njia tu iliyolipitisha. Kumbe wivu haukuwa nje ya ukuta. Niliuruka ukuta nikakuta umenitangulia, umekwisha kujimiminia chai.

Kazija alikuwa wa kwanza kuchoka. Alipiga sufuria kwa mwiko, akasema, "Jamani, miguu imenivimba. Huyu mtani watu wake wako wapi waje kumkomboa, siku iishe?"

"Mtani gani?" akauliza Pazi.

"Si huyu wa Bondeni."

"Wa Bondeni wamekwisha wote. Hakuja mtani." Pazi alinitazama kwa macho ya mdogo mtu aliyerudishiwa dada. "Huyu si Dada Mwavita mwenyewe amekaa?"

Kazija akanikodolea, akapangusa macho kwa lile pazia lake. "Hata mimi nilitaka kusema," akasema polepole.

Nikaogopa. Desturi haimruhusu mtani kujikomboa. Ni lazima atakwe. Na ni nani katika mji mzima atakayemtaka Nyamizi badala ya Mwavita? Nisipotakwa nitabaki kwenye kiti hiki, na jua litabaki pale, na hawa watoto hawatalala tena, na yule mdogo mwenye vidole kwenye ukope ataanguka mbele yangu. Nikashika miwani niivue. Mikono ikaisukuma ikae vizuri puani. Nikakusanya nguvu zote nikapaza sauti, "Mimi ni Nyamizi! Nyamizi wa Bondeni!"

Ikatoka kwa sauti inayopanda mwishoni. Watoto wakacheka, wakapiga makofi.

"Bi Mwavita anaiga mtu!"

"Anamwiga nani?"

"Sijui. Mtu fulani wa zamani."

*

Sikudhani hakucheka. Alikunja uso kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa mbali. Akasimama, akayumba kwa usingizi, akaja akashika mkono wa kiti.

"Bi Mwavita, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Hujamwona bibi yangu?"

Nilikuwa nimezika watoto. Sikujua kama kuna kitu kingine kinaweza kunikata hivyo.

"Bibi yako," nikasema kwa sauti ya mwingine, "anafananaje?"

"Anafanana..." Akatazama pembeni, akatazama juu. Hakupata. Watoto wakaanza kumnong'oneza akae chini, anaharibu hadithi. Basi akaacha kutafuta maneno. Akachukua kanga ya Kazija begani, akajifunga kifuani kwa fundo la upande, fundo langu, lile ninalolifunga kwa pembe iliyochomoza kama sikio la paka. Akainamisha mgongo. Si sana, pale pale ninapoinama mimi. Akaweka mkono mmoja kiunoni, akatembea barazani akipepeta ungo usiokuwapo, akipuliza pumba zisizokuwapo, na kila baada ya kupuliza akasema, "Eeh, haya," bila sababu.

Sikujua kama nasema "Eeh, haya." Naapa sikujua.

Akasimama mbele ya ile Ngazi, akaitazama kwa jicho moja, akafyonya. Akakohoa, akasema kwa sauti nzito yenye mikwaruzo, "Nikuchape na hicho kidole?" Akakaa chini kwa hatua zangu zote, mkono ukutani kwanza, kisha goti, kisha lile neno la "Mola wangu," kisha makalio. Akakunjua kitabu cha hewani, akaanza kusoma kwa kidole. Kidole kikaenda mstari, kikakwama, kikarudi nyuma, kikapapasa neno kama mtu anayepapasa uso wa mgonjwa, kikaendelea. Akakiiga hata kile kitu ninachokificha: nikifika pazuri, pale Mbuzi anapoiona bahari kwa mara ya kwanza, sauti inanikatika, najifanya nimekosa mstari.

"Mbona huyo namjua!" Kazija akapiga kelele. "Si yule wa kwenye mashine? Aliyeazima kinu changu?"

"Nyamizi!" Pazi akasema. "Ndiye yeye! Mla panya ndiye yeye kabisa!"

Wakacheka. Baraza zima lilicheka, na kilikuwa kicheko kilekile walichomchekea Mwavita, kicheko cha watu wanaomwona mtu wanayemjua akiingia mlangoni. Nami nilikuwa kwenye kiti cha heshima, nimevaa miwani ya mwanamke ambaye jua limemsimamia, nikimtazama yule kizee mdogo aliyekaa chini, anayesoma kwa kidole kwa ajili ya mtu mmoja, ambaye kila kitu chake kimekusanywa na mtu mmoja, punje kwa punje, na hakuna iliyoachwa. Nikamwonea wivu. Sijawahi kumwonea mtu wivu namna ile. Ningempa Mbuzi na Ngazi na usultani wote wa vumbi ili niwe yeye.

"Halafu," Sikudhani akasema, akivua kile kisauti kizito, akirudia chake, "halafu kabla sijalala ananifanya hivi." Akatafuta wa kumwonyeshea. Hakuna aliyekuwa karibu zaidi yangu. Akaja, akageuka, akaingiza kichwa chake chini ya kidevu changu. "Hapa. Ananinusa hapa."

Mwavita hakuwa na pua. Mji mzima ulijua. Nilichotakiwa kufanya ni kukaa tu, nitabasamu, kama mtu ambaye hakuna kinachoungua, na wangenipenda milele.

Nikavuta pumzi.

Hakikunuka mkate wa kumimina. Yale nilimwambia Mwavita kwa haraka huku naanua nguo, na yeye akayaamini. Kilinuka jasho la jua, na vumbi la usultani, na moshi wa maharage, na chini yake mafuta ya nazi yaliyokaa sana. Na chini ya mafuta, kile ambacho hakina jina, nisichowahi kumwambia mtu.

"Nani kakupaka mafuta yaliyochacha?" nikasema. "Sikukwambia chupa ile uimwage?"

Ilitoka nzito, na mikwaruzo yake.

Sikudhani hakugeuka. Alisema palepale, kichwa kikiwa chini ya kidevu changu, "Namtaka mtu wangu."

"Umeleta nini cha kumkombolea?" Pazi akauliza polepole, maana alijua akipokea dada anaondoka.

"Sina kitu. Nimekuja na usingizi tu."

Pazi akamtazama mtoto, akanitazama mimi, akatazama jua. Kisha akapiga magoti, akanivua miwani kwa mikono yake mwenyewe, akaibusu, akaifunga kwenye kamba yake. "Nenda, mtumwa wangu," akasema. "Umenichelewesha kulia." Kazija akaifungua kanga ya rangi ya ndizi. Mbuzi akanyanyua kidevu kutoka pajani kwangu, akanitazama kama anavyotazamwa mgeni aliyekosea nyumba, akaondoka.

Muadhini akashusha mkono, ndege wakaruka. Jua likashuka nyuma ya mashine kwa mwendo wake wa kila siku, bila haraka, kana kwamba halijachelewa popote.

Nikambeba mgongoni. Alikuwa mzito kama watoto wanavyokuwa wazito wakiacha kujishika. Njia nzima, kwenye vizingiti, watoto wa watu walikuwa wamelala palepale walipokuwa wamekaa, na mama zao wanawaokota mmoja mmoja. Tulipofika uani kivuli kilikuwa kimeumeza mguu wa kuku na ukuta wote. Mchele wangu ulikuwa kwenye ungo.

"Mke mwenzangu," akasema nyuma ya sikio langu. Nilidhani amelala.

"Sema."

"Nisimulie."

"Nikusimulie ya viatu vya babu yako?"

Akafikiri. Nilihisi anavyofikiri, shavu lake shingoni kwangu, juu ya madoa ya surua.

"Ya Mbuzi," akasema.

Wivu ukapanda. Kutoka tumboni, ukapita kifuani, ukafika kooni ukakaa hapo na vidole vyake vyote, uleule, wala haukuzeeka hata kidogo. Nikaumeza, ukagoma. Nikamshusha, nikamkalisha mapajani, nikamnusa utosini kwanza.

"Eeh, haya," nikasema, nikajisikia nimesema. "Hapo kale palikuwa na mbuzi mwenye kiu."